Kipimo cha Mkanda wa Saa

Upana wa mkanda wa saa ya mkononi hautokani na unene wa mkono. Hutokana na nafasi iliyopo kati ya vishikizo viwili vya kasha, pale pini inapopita, na siku hizi nafasi hiyo hutajwa kwa milimita: 18, 20, 22. Waliovaa saa za kwanza za mkononi hawakuwa na haja na namba hizo.

Mpaka mwisho wa karne ya 19, saa ya mwanamume ilikaa mfukoni, imefungwa kwa mkufu. Ya mkononi ilikuwa pambo la wanawake. Ile ambayo Patek Philippe waliitengeneza mwaka 1868 kwa Countess Koscowicz wa Hungaria ilikuwa bangili iliyobeba saa, na bangili haibadilishwi mkanda. Vita ndivyo vilivyogeuza mambo. Katika Vita vya Makaburu (1899–1902) askari wa Uingereza walitia saa za mfukoni katika vifuko vya ngozi vya kufunga mkononi, maana aliyeshika hatamu na bunduki hana mkono wa kuchomolea saa. Kufikia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, makasha madogo yalikuwa yakilehemewa vipande vya waya juu na chini, na ngozi ikipitishwa humo. Waya huo hautoki. Mkanda ulipochakaa, fundi alikata ngozi mpya, akaizungusha kwenye waya na kuishona au kuigandisha hapohapo. Upana ukizidi kidogo, ngozi ilijibana yenyewe. Kipimo kilikuwa jicho la fundi.

Pini yenye springi, iliyoenea katika miaka ya 1920 na 1930, ndiyo iliyoleta namba. Ikibonyezwa hutoka, hivyo mvaaji aliweza kununua mkanda dukani na kuutia mwenyewe, ilimradi mtengenezaji wa mikanda na wa makasha wapime sawa. Hawakupima sawa. Wamarekani walitumia inchi: 5/8 ni karibu milimita 16, na 3/4 ni 19 na ushei. Kwa hiyo saa kuukuu ya Marekani yaweza kudai mkanda wa 19, na wa 20 ukalazimishwa mpaka kingo zikajikunja. Afadhali kuipima nafasi kwa rula kuliko kuukisia mkanda wa zamani, ambao huenda nao uliwekwa kwa kukisia.

Mkanda usioenea ulipata hata umaarufu. Katika filamu ya Goldfinger (1964), Sean Connery alivaa Rolex Submariner yenye mkanda wa kitambaa mwembamba kuliko nafasi yake, pini zikionekana pembeni. Wengi huuita mkanda wa NATO, jambo lisilowezekana: kiwango cha Wizara ya Ulinzi ya Uingereza kilichozaa mkanda huo, DefStan 66-15, kilitoka mwaka 1973. Kilitaka nailoni ya kijivu, upana wa milimita 20, ikipita chini ya saa kwa kipande kimoja, ili pini moja ikikatika saa isianguke.

Apple walipotoa saa yao mwaka 2015 waliiacha pini, mkanda ukawa wa kutelezeshwa kwenye mfereji wa kasha. Namba 38 na 42 zilizoandikwa kwenye pakiti za mikanda hiyo ni urefu wa kasha, wala si upana wa mkanda.