Makiso: makao makuu mara mbili, na majina yasiyoandikwa

Ukimwuliza kijana wa Kisangani komini ya Makiso ni nini, atakujibu: "Ni mjini, kwenye mabenki na unif." Sawa. Lakini mimi nasema historia ya Makiso inatudai kitu.

Wakati wa Wabelgiji, Kisangani ikiitwa Stanleyville, hapa palikuwa mtaa wa Wazungu. Mweusi aliingia asubuhi kufanya kazi, jioni akarudi cité. Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta mjini hapa.

Desemba 1960, Lumumba akiwa kifungoni, Antoine Gizenga alitangaza kwamba serikali halali ya Kongo iko Stanleyville, hapana Léopoldville. Misri na Umoja wa Kisovieti zikaitambua. Tarehe 5 Agosti 1964 Simba waliuteka mji, na Christophe Gbenye akaufanya makao ya Jamhuri ya Watu. Tarehe 24 Novemba makomando wa Ubelgiji walishuka kutoka ndege za Marekani kuwaokoa mateka Wazungu. Majina ya mateka waliouawa yaliandikwa. Wakongo waliokufa siku zile walikuwa wengi zaidi, na wengi wao hawana hata mstari mmoja.

Kisha ikaja vita ya siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Rwanda na Uganda walipigana ndani ya mji wetu, obusi zaidi ya 6,000. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibika. Kanisa kuu letu, hapa Makiso, nalo liliguswa.

Sasa angalieni. Kongo iliidai Uganda dola zaidi ya bilioni 11 kwa vita yote ile. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye, ilitoa milioni 325. Sababu moja kubwa: ushahidi ulikuwa kidogo. Waliokufa walikuwepo, karatasi hazikuwepo.

Njo maana ninawaambia: mwenye memwari ya kuandika, asikimbilie mada za mbali. Chukua avenue moja ya Makiso, kaa na wazee, andika nani aliishi wapi na alipotea lini. Wazee wanaisha. Mali bila daftari huisha bila habari. Na watu vilevile.