Vyama vya Ustawi na Askari Polisi wa Nairobi



Baada ya hesabu za fedha, twapenda kuwawekea mbele habari kidogo za kale. Wengi wetu tuna watoto waliovaa sare ya polisi, wengine katikati ya mji, wengine Kileleshwa, Muthangari na Kabete. Nasi katika mikutano yetu huulizwa mara kwa mara: je, chama kiende kwa wakubwa kuwaombea vijana hao kazi, cheo, au uhamisho wa kurudi karibu na nyumbani? Kabla ya kujibu yafaa tujue tulikotoka.

Jeshi la Polisi la nchi hii liliwekwa kisheria mwaka wa 1906, kwa sheria iliyofuata mfano wa Bara Hindi. Hata sheria ya adhabu iliyotumika hapa hadi 1930 ilikuwa ile ya Bara Hindi. Ndani ya kazi watu walipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Waafrika nao wakagawanywa tena, makabila mengine yakisemwa kuwa ya kivita, mengine kuwa si ya kuaminiwa. Askari alipelekwa mbali na kwao, awalinde na kuwakamata watu asiowajua. Katika miaka ya 1920 na 1930 alizunguka njia za mji akiwadai Waafrika wenzake kipande. Usiku alilinda nyumba za Wazungu, kisha akarudi kulala kambini. Kwa hiyo alikuwa mgeni mara mbili: hakuhesabiwa kuwa mmoja wa wakubwa wake, na raia walimwogopa.

Tarehe 16 Machi 1922 jambo hili lilionekana wazi. Watu walikusanyika penye kituo cha polisi cha Kingsway, njia ambayo leo yaitwa University Way, wakitaka Harry Thuku afunguliwe. Askari wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilitaja watu 21 waliokufa, na miongoni mwao alikuwamo Mary Muthoni Nyanjiru. Chama cha Thuku, East African Association, kilikuwa kimewaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Kilipopigwa marufuku, vilivyofuata vilikuwa vya upande mmoja mmoja: Kavirondo Taxpayers Welfare Association mwaka wa 1923, na Kikuyu Central Association mwaka wa 1924. Hivyo ukabila wa vyama vyetu haukutokana na mapenzi yetu peke yake. Njia ya umoja ilikuwa imezibwa kwa nguvu.

Hata hivyo vyama vya ustawi vilifanya kazi ya heshima. Mtu akifa mjini, vilimsafirisha hadi kwao. Akiugua, vilimtazama, akikosa nauli, vilimchangia. Askari alihitaji msaada huo kama karani na mpishi, tena kuliko wao, maana hakuruhusiwa kuingia chama cha wafanya kazi. Mwaka wa 1948 Tume ya Holmes ilipendekeza Mwafrika katika kazi ya serikali alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Tume ya Lidbury ya 1954 ndiyo iliyokataa rangi kuwa kipimo cha mshahara.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, rangi iliondoka juu, lakini kipimo cha kabila kilibaki mlangoni. Mwaka wa 1980 serikali iliamuru vyama vya makabila vivunjwe, na chama cha watumishi wa serikali nacho kikafutwa. Timu ya mpira ya Abaluhya ikabadili jina ikawa AFC Leopards. Majina yalibadilika, lakini desturi ya kumtafuta "mtu wetu" ofisini haikuvunjwa kwa amri. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Waki iliona kwamba baadhi ya askari walitenda kazi kwa upendeleo wa kikabila. Katiba ya 2010 sasa yaamuru uandikishaji wa askari uonyeshe watu wote wa Kenya kwa uwiano wa haki. Sheria ya 2008 nayo yakataza idara ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya watumishi wake kutoka jamii moja.

Huko London, askari weusi waliunda chama chao, Black Police Association, mwaka wa 1994. Hakikuundwa ili kugawana vyeo. Kilikusudia kusema waziwazi mbele ya wakubwa jinsi weusi walivyotendewa kazini. Mwaka wa 1999 ripoti ya Macpherson, iliyochunguza mauaji ya kijana Stephen Lawrence, ilikiri kwamba ubaguzi ulikuwa ndani ya polisi wenyewe. Hapa kwetu, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 haiwahusu askari, kwa hiyo hawana chama cha wafanya kazi. Upungufu huo ndio unaowafanya wakimbilie kwa wazee wa kabila.

Basi jibu letu ni hili. Askari akifiwa, akiumia kazini, au mjane wake akizungushwa katika kudai haki zake, chama kisimame naye, kimwandikie barua na kumchangia. Akionewa kwa ajili ya kabila lake, tumsaidie kupeleka malalamiko kwa Tume ya Huduma ya Polisi, kwa maandishi na kwa jina lake. Lakini mzee asipeleke bahasha wala salamu ofisini ili mtoto wetu apite mbele ya mtoto wa mwingine. Kijana aliyeingia kwa mlango huo atadaiwa shukrani siku zote, na siku atakapotakiwa kumkamata mtu wetu mwenye hatia, tutakuwa wa kwanza kumwomba afumbe macho. Hapo tutakuwa tumemvua sare kwa mikono yetu.

Twaomba mkutano mkuu uyafikirie haya kabla ya kupokea maombi ya mwaka ujao.