Mpaka Ambako Hakimu Hafiki

Milima ya Lapurr, iliyo magharibi ya Lowarengak katika Turkana ya kaskazini nchini Kenya, iliingia katika kumbukumbu za jeshi la Uingereza mwaka 1918 kwa jina la Labur. Kampeni iliyoitwa Labur Patrol iliwaleta pamoja askari wa King's African Rifles na kikosi kutoka Sudan, kusudi wawavunje nguvu Waturkana wa kaskazini, waliokuwa wakipata bunduki kutoka Uhabeshi, yaani Ethiopia, na ambao hawakuwa wamekubali kutawaliwa. Watu wengi waliuawa. Ng'ombe, ngamia, punda na mbuzi walitekwa kwa makumi ya maelfu. Jamii inayoishi kwa maziwa, nyama na damu ya mifugo ikinyang'anywa mifugo, njaa humaliza kazi iliyoanzwa na risasi.

Hakuna ofisa aliyesimamishwa mbele ya hakimu kwa hayo. Sheria ya wakati huo haikuwa na jina la kosa lenyewe, na aliyelitenda ndiye aliyeshika mahakama.

Kilichofuata kinaeleza mengi kuhusu mpaka huu hadi leo. Waturkana walipokonywa silaha, huku majirani zao Wadaasanach, ambao Waturkana huwaita Wamerille, wakibaki na zao ng'ambo ya Uhabeshi. Mashambulizi yakawa mepesi. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuweka vituo vya askari Lokitaung na Todonyang ili kuwalinda watu iliowaacha mikono mitupu. Mstari wa mpaka wenyewe haukutulia: Pembetatu ya Ilemi, kaskazini-magharibi ya Ziwa Turkana, imebishaniwa kwa karne nzima, na mahali pasipojulikana ni pa nani, hapajulikani pia ni polisi gani wa kuitwa.

Lokitaung ilipata umaarufu wa namna nyingine mwaka 1953. Huko ndiko walikofungwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Paul Ngei baada ya kesi ya Kapenguria kuhusu Mau Mau. Hakimu Ransley Thacker alilipwa pauni 20,000, na shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliapa baadaye kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Kenyatta alikaa Lokitaung hadi 1959, kisha akahamishiwa Lodwar. Kwa hiyo Turkana ya kaskazini iliyajua maovu mawili ya haki kabla ya uhuru: mauaji yasiyo na kesi, na kesi isiyo na haki.

Wazo la kwamba mkuu wa jeshi au wa nchi anaweza kushtakiwa nje ya mipaka yake lilifika Afrika Mashariki kwa mlango wa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kuketi mjini humo, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, tarehe 2 Septemba 1998. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Wiki chache kabla, tarehe 17 Julai, mataifa 120 yalikuwa yamepiga kura Roma kupitisha mkataba wa kuunda mahakama ya kudumu, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague. 7 yalikataa na 21 hayakupiga upande wowote.

Kenya ilitia saini mkataba huo Agosti 1999, enzi za Daniel arap Moi, kisha ikakaa kimya. Uganda na Tanzania ziliridhia mwaka 2002. Watetezi wa haki, likiwemo tawi la Kenya la Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, waliendelea kuisukuma serikali, na Marekani nayo ikisukuma upande wake: ilitaka nchi zitie saini makubaliano ya kutowapeleka Wamarekani The Hague, na zilizokataa zikakatiwa misaada ya kijeshi. Kenya ilikataa. Tarehe 15 Machi 2005 ikaridhia Mkataba wa Roma. Uamuzi huo haukuwa mdogo kwa nchi maskini, na unastahili kukumbukwa kwa heshima kuliko unavyokumbukwa.

Siku 16 baadaye, Baraza la Usalama liliikabidhi mahakama ya The Hague kesi ya Darfur, Sudan. Habari hiyo ilikuwa na uzito wa pekee katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan Kusini waliotembea kwa miguu kutoka vitani, wakafukuzwa tena Ethiopia baada ya Mengistu Haile Mariam kuanguka mwaka 1991. Wakimbizi wa Darfur nao wakafika, pamoja na Wakongo, Warundi, Waganda na Wasomali. Leo Kakuma na Kalobeyei zina zaidi ya watu 200,000. Mashahidi wa vita vingi vya ukanda huu wanaishi humo, wengi wao kutoka nchi ambazo serikali zake hazijafunga mkataba wowote na The Hague.

Kisha Kenya ikajaribiwa. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, wakubwa wa nchi waliitwa The Hague, na Bunge likapitisha hoja za kujitoa katika mkataba Desemba 2010 na tena Septemba 2013. Hoja hizo hazikufikishwa mwisho. Kesi ya Uhuru Kenyatta ikaondolewa Desemba 2014, na ile ya William Ruto na Joshua Sang ikakoma Aprili 2016, huku mahakama ikilalamikia kuvurugwa kwa mashahidi. Waathiriwa wa Rift Valley walibaki bila hukumu, na uchungu wao ni wa haki.

Lakini siku inayouma zaidi ni tarehe 27 Agosti 2010. Kenya ilikuwa ikizindua katiba mpya, ambayo ibara yake ya 2(6) inasema mkataba wowote ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi. Miongoni mwa wageni wa heshima alikuwa rais wa Sudan, Omar al-Bashir, aliyekuwa na hati mbili za kukamatwa kwa ajili ya Darfur. Hakuguswa. Novemba 2011 Jaji Nicholas Ombija wa Mahakama Kuu, kwa ombi la wanasheria walewale waliopigania mkataba, aliamuru kwamba Bashir akamatwe akikanyaga Kenya tena. Khartoum, kwa hasira, ikaamuru balozi wa Kenya aondoke. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa kumkamata.

Ukanda wa Lowarengak, wakati huo, ulikuwa na maiti zake. Mwanzoni mwa Mei 2011 zaidi ya Waturkana 20 waliuawa na washambuliaji wa Kimerille eneo la Todonyang. Wengi walikuwa raia waliotoka kutafuta chakula. Februari 2025 wavuvi walishambuliwa tena upande huohuo, wengine wakauawa na wengine wasionekane. Kwa haki, visasi vya Waturkana navyo vimewaacha wajane ng'ambo.

The Hague haishughulikii kila uvamizi wa mifugo au nyavu. Lazima shambulio dhidi ya raia liwe pana au la mpango, tena lenye sera ya dola au kundi nyuma yake. Hata hivyo sheria ipo karibu zaidi: Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008 inaipa Mahakama Kuu ya Kenya uwezo wa kusikiliza makosa hayohayo. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu kwa maafisa wa polisi kuhusu ukatili wa Kisumu baada ya uchaguzi wa 2017. Kilichowezekana kuchunguzwa Kisumu kinaweza kuchunguzwa Todonyang, iwapo wapelelezi watafika huko badala ya mawaziri tu kushuka kwa helikopta.

Kizuizi kikubwa kiko ng'ambo. Ethiopia haijawahi kutia saini Mkataba wa Roma. Sudan Kusini, iliyozaliwa Julai 2011, haijajiunga, na mahakama ya mseto iliyoahidiwa katika makubaliano ya amani ya 2015 na 2018 haijaanzishwa. Sudan ilikuwa na mwanya: Agosti 2021 baraza la mawaziri lilipitisha muswada wa kujiunga, kisha mapinduzi ya Oktoba yakaufunga. Mshukiwa akivuka Todonyang kuelekea kaskazini, anaingia nchi isiyo na wajibu wa mkataba wa kumkabidhi.

Hapa ndipo Nairobi inapopaswa kusema kwa sauti. Inakaa meza moja na Juba na Addis Ababa ndani ya jumuiya ya kikanda ya IGAD, nayo Juba imo pamoja nayo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Isitoshe, si lazima serikali hizo zisubiri kuridhia mkataba mzima. Ibara yake ya 12(3) inaruhusu nchi isiyo mwanachama kutoa tamko la kukubali mamlaka ya mahakama. Ivory Coast ilifanya hivyo mwaka 2003, ikaridhia mkataba miaka 10 baadaye. Tamko la namna hiyo kutoka Juba lingeweza kurudi nyuma hadi siku ya uhuru wake, na likavigusa vita vilivyoanza Desemba 2013, ambavyo mashahidi wake wako Kakuma.