Wayeye: watu wa nyoka wa Unyamwezi

Usoke iko magharibi ya Tabora, kwenye reli iendayo Kigoma, katikati ya misitu ya miombo ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliikatiza katika karne ya 19 wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Njia yao ilikuwa pia makao ya kifutu. Nyoka huyu hakimbii asikiapo hatua. Hutegemea rangi yake ya majani makavu, hujilaza, na humuuma amkanyagaye. Katika nchi ya namna hiyo mwenye dawa ya nyoka alikuwa mtu wa kuheshimiwa.

Miongoni mwa Wanyamwezi na Wasukuma, dawa hiyo ilishikwa na Wayeye, chama cha siri chenye ngazi, nyimbo na miiko yake. Aliyejiunga alichanjwa chale, dawa ikasuguliwa kwenye majeraha mabichi, kisha akafundishwa kukamata nyoka, kutibu walioumwa na kucheza ngoma naye mkononi. Mwaka 1926 msafara wa Smithsonian ulioongozwa na William Mann na kugharamiwa na Walter Chrysler ulifika Tanganyika kukusanya wanyama hai kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Washington. Alikuwemo Arthur Loveridge, bingwa wa reptilia, na pia F. G. Carnochan, ambaye kitabu chake kuhusu watu wa nyoka wa Unyamwezi kilitoka mwaka 1935. Mwaka 1946 Hans Cory alichapisha makala juu ya Wayeye wa Usukuma.

Waandishi hao walivutwa zaidi na siri na dawa kuliko afya ya nyoka mwenyewe, na hapo pana pengo kubwa, kwa kuwa nyoka aliyefungiwa huugua upesi. Hana joto lake mwenyewe. Hulipata kwenye jua na mawe. Usiku wa Juni au Julai, baridi ya Tabora inapokaza, chatu aliyeachwa kwenye gunia hawezi kusaga chakula, na mawindo aliyomeza huweza kuoza tumboni. Akikosa unyevu, ngozi ya kale haivuki nzima: vipande hubaki mkiani na juu ya macho, jicho likawa jeupe kama kioo chenye ukungu. Kinywani fizi hujaa usaha, na nyoka akakataa kula. Wale wanaong'olewa meno ya sumu kwa ajili ya maonyesho, kokote duniani, huumia zaidi, maana jeraha huoza na meno mengine huota tena.

Matibabu ya nyoka mgonjwa yanataka subira. Kwanza ni joto la wastani na maji. Nyoka aliyekauka huwekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyofikia kichwa, ngozi ikalainika yenyewe bila kuvutwa. Kipande kilichobaki jichoni hakibanduliwi kwa kucha, kwani jicho linaweza kupotea. Chakula huja baadaye, tena kidogo, kwa sababu mwili uliodhoofika hauwezi kubeba mlo mkubwa. Usaha wa kinywani ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye dawa za viuavijasumu. Mkono usioogopa, ambao Wayeye waliurithishana, ndio unaowezesha yote hayo, kwa kuwa nyoka anayebanwa kwa hofu huweza kuvunjika mbavu.

Ngoma ya chatu haijafa. Huchezwa bado Usukumani, hasa kwenye sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza. Sheria nayo imebadilika: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa, na mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, biashara iliyokuwa imewapeleka kobe na vinyonga wengi ng'ambo ndani ya masanduku. Aliyeumwa na nyoka leo hahitaji chale. Anahitaji kufikishwa hospitali penye seramu. Meserani, nje ya Arusha, bustani ya nyoka iliyofunguliwa mwaka 1993 ina zahanati inayowatibu wanavijiji walioumwa, hatua chache kutoka vizimba vya nyoka wenyewe.