Wembe wa Kukunja: Wa Zamani au Mpya?



Wahenga walisema, "Kinyozi hajinyoi." Maana yake twaijua, lakini leo tuitazame kwa jicho jingine. Kinyozi hunyoa wengine, na wembe wake mmoja hupita videvu vya watu wengi. Liweke jambo hilo moyoni, maana ndilo litakaloamua somo letu.

Tuseme unataka kufungua kibanda cha kunyolea huko Temeke au Kinondoni. Mashine ya umeme unayo, lakini ndevu na kingo za nywele zahitaji wembe. Umeonyeshwa nyembe mbili za kukunja, zile ambazo makali yake hufichwa ndani ya mpini. Mmoja ni wa zamani, una mpini wa pembe na chapa ya Sheffield. Wa pili ni mpya, wang'aa kama kioo. Utanunua upi? Historia yaweza kutusaidia.

Kwanza tujue kwamba wembe haukuletwa kwetu na wageni. Katika Buhaya watu walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita, na wahunzi wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki walifua nyembe pamoja na majembe na mikuki. Huko Uingereza, katika miaka ya 1740, fundi wa saa aliyeitwa Benjamin Huntsman alipata njia ya kuyeyusha feleji, yaani chuma cha pua, ndani ya vyungu vya udongo. Feleji yake ikawa safi na ya namna moja kote, na nyembe za Sheffield zikapata sifa. Baadaye mafundi wa Solingen, Ujerumani, walisifiwa kwa kuuchonga ubapa ukabonyea pande zote mbili, hata ukawa mwembamba na mwepesi kunoa.

Sifa huzaa udanganyifu. Mafundi wa Sheffield walilalamika kwamba vyombo vya Ujerumani vyauzwa kwa jina la mji wao. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia chapa za uongo, ndipo maneno ya kutaja nchi ya Ujerumani yakaanza kuonekana juu ya bidhaa. Basi tangu zamani chapa peke yake si ushahidi wa kutosha.

Kwa hiyo ukinunua wembe wa zamani, uchunguze wembe wenyewe. Uinue kwenye mwanga. Kutu ya mgongoni yaweza kusuguliwa, lakini kutu iliyochimba karibu na makali haifai, na ufa hata mdogo ni sababu ya kuukataa. Tazama kama makali yameliwa sawasawa na kama msumari wa mpini haulegei. Kumbuka pia gharama ya kinoo kizuri na ukanda wa ngozi. Wembe mpya nao usikudanganye kwa kung'aa. Hata leo Solingen hufanya nyembe nzuri, lakini madukani zimo pia nyembe rahisi za chuma laini, zisizoshika makali. Mtu anayejinyoa mwenyewe akipata wembe mzima wa zamani, na akajua kuunoa, amepata chombo cha kumfaa miaka mingi.

Lakini wewe, kinyozi, hujinyoi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa nchini, mkoani Kagera. Tena viko virusi vya homa ya ini ya aina ya B, ambavyo huweza kukaa nje ya mwili wa mtu siku 7 vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho yatosha kuvibeba. Kufuta wembe kwa spiriti si kinga ya kuaminika. Ukiuchemsha kila mara, mpini wa pembe utaharibika. Na ukanda wa ngozi, unaopitishiwa wembe kila siku, utauchemshaje?

Njia nyingine ilikwisha kufunguliwa. Mwaka 1903 Mmarekani King C. Gillette alianza kuuza chombo chenye kiwembe chembamba cha kutupwa, na katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Marekani iliwapa askari wake vyombo hivyo kwa mamilioni. Lengo lake lilikuwa kumwondolea mtu kazi ya kunoa. Kwa kinyozi faida imezidi hiyo: kiko kishikio chenye umbo la wembe wa kukunja, kinachotiwa kiwembe kipya kwa kila mtu. Kiwembe kimoja chaweza kuvunjwa katikati kabla hakijatumika, kikatosha wateja wawili.

Basi shauri langu ni hili. Kwa kidevu chako mwenyewe, chagua wa zamani au mpya kwa kutazama feleji. Kwa kidevu cha mwenzako, nunua kishikio cha kubadilisha viwembe. Kifungue kiwembe mbele ya macho yake, na ukimaliza kitie katika kopo gumu lenye mfuniko, watoto wasije wakakikanyaga.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini chapa haitoshi kuthibitisha ubora wa wembe?
2. Mteja afanye nini akiona kinyozi hakubadilisha kiwembe?