Uhalisia Ulioingia kwa Mlango wa Bucha

Kuna dai linalorudiwa karibu kila maonyesho ya wachoraji vijana yanapofunguliwa Nairobi: kwamba uhalisia ni mgeni kwetu, umeingia juzi pamoja na simu zenye kamera kali, vijana wakaanza kunakili nyuso hadi tone la mwisho la jasho puani. Zamani, tunaambiwa, Mkenya alichora ndoto, hekaya na wanyama wenye macho ya watu. Wanaosema hivyo wametazama kuta za magaleri. Kuta za Shauri Moyo, Kaloleni na Jericho, mitaa ya Eastlands, hawakuzitazama.

Dai lenyewe linachanganya kufanana na uhalisia. Gustave Courbet alipojijengea banda Paris mwaka 1855 na kuliita la Uhalisia, hakuna aliyebisha kwamba anajua kuchora pua. Ugomvi ulikuwa juu ya nani anastahili turubai kubwa. Yeye alikuwa amechora mazishi ya watu wa kawaida wa Ornans kwenye turubai yenye upana wa zaidi ya mita 6, nafasi waliyozoea kupewa wafalme, watakatifu na mashujaa wa vita. Ilya Repin wa Urusi akawapa heshima hiyo hiyo vibarua wanaokokota jahazi kando ya mto Volga, kazi aliyoimaliza 1873. Karibu nasi zaidi, Gerard Sekoto wa Afrika Kusini alichora nyumba za manjano za Sophiatown, na mwaka 1940 jumba la sanaa la Johannesburg likaichukua picha hiyo, ya kwanza kuinunua kwa mchoraji Mweusi. Mtaa wenyewe ulikuja kubomolewa na serikali ya ubaguzi.

Kwetu, mfano unaotajwa haraka ni Joy Adamson, aliyepewa kazi na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya. Picha zinafanana na watu, hilo sibishi. Lakini aliwataka na shanga, ngozi na manyoya. Wakati huo huo mitaa ya Muthurwa na Makongeni, Nairobi, ilijaa wafanyakazi wa reli. Ovaroli halikuwa vazi la kabila lolote, basi likaachwa. Sina la kuongeza juu yake.

Kinachonishughulisha zaidi kilitoka Makerere. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha uchoraji Uganda mwaka 1937, hakupenda kuwawekea wanafunzi mtungi au mtu mbele yao wachore. Aliwasimulia kisa, nao wakachora kile walichokiona akilini. Alihofia kwamba mafunzo ya Ulaya yangeua kipawa walichokuja nacho. Nia ilikuwa njema, na simdhihaki: alikuwa akiwakinga vijana wasigeuzwe Waingereza wa bandia. Cecil Todd alipomrithi mwishoni mwa miaka ya 1950, alirudisha historia ya sanaa ya Ulaya na nidhamu ya kuchora kinachoonekana, na hadi leo wengi wetu tunamsimulia kama mtu aliyevunja nyumba. Mimi namwonea huruma kidogo. Mwanafunzi aliyefundishwa kutazama anaweza kutazama lolote, hata bomba la maji lenye foleni ya ndoo.

Mwanafunzi mashuhuri wa Trowell, Elimo Njau, alishirikiana na wenzake kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, na onyo lake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi likaenea kila mahali. Njau alikuwa akiwaonya wanaoiga kazi za wengine. Walioshika fimbo baada yake walimchapa nayo kila aliyechora kilicho mbele ya macho yake. Ni dhuluma kwake pia, maana picha zake za ukutani katika kanisa kuu la Murang'a, za mwaka 1959, zilimweka Yesu Mwafrika katika nchi ile ile ambayo waumini waliiona wakitoka nje. Kisha katika miaka ya 1980 Ruth Schaffner akashika Gallery Watatu na kuwapa nafasi wachoraji waliojifundisha wenyewe, akina Sane Wadu. Wengi walikuwa na kipawa kikubwa. Ila soko, ambalo wanunuzi wake wengi walikuwa wageni, lilijifunza somo moja baya: kwamba Mwafrika wa kweli ni yule ambaye hakufundishwa kuchora.

Mchoraji wa vibao vya biashara wa Gikomba au Kariokor hakuambiwa hayo. Hakuna aliyemshauri awe Mwafrika zaidi. Mwenye bucha alitaka ng'ombe mwenye paja linalomtia mpita njia njaa. Kinyozi alitaka kichwa ambacho mteja atakinyoshea kidole na kusema, mimi nataka hiki. Rangi ilikuwa ile ya mafuta ya kupakia milango, turubai ilikuwa bati au plaiwudi, na mchoro usipofanana hulipwi. Muhimu kuliko ufanani ni nani aliyechorwa: fundi wa viatu akiwa na nyundo yake, mshonaji kwenye cherehani, mtu amekaa na chai na chapati. Courbet angeuelewa ukuta huo bila mkalimani.

Kwamba mikono ya aina hii inaweza kubeba historia nzima, Lubumbashi ni ushahidi. Huko Tshibumba Kanda-Matulu alichora katika miaka ya 1973 na 1974 picha 101 za historia ya Zaire, akazieleza kwa Kiswahili kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyezihifadhi na kuzichapisha. Eastlands haikupata Fabian wake. Kampuni za simu na za sabuni zilikuja na rangi ya bure, zikapaka juu.

Na kuna chanzo ambacho wanahistoria wa sanaa hawakifungui: Tangazo la Kisheria namba 161 la mwaka 2003, kanuni za matatu za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004. Tunazikumbuka kwa mikanda, sare na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Zisome kama hati ya sanaa. Zilidai mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu, na michoro ya magari ya Buruburu, Umoja na Dandora, mara nyingi ya wanamuziki wa Marekani, ikafutwa. Lakini zilidai pia picha ya dereva ibandikwe mahali abiria wanapoiona. Kwa hiyo mwanamuziki wa Marekani akaondolewa ubavuni, na mtu anayeliendesha gari akapata sura ndani yake. Serikali, bila kukusudia, ilidai uhalisia kuliko wachoraji wenyewe! Wengi huomboleza kanuni hizo kama mauaji ya sanaa. Mimi naomboleza nusu. Karakana zilizochora matatu zilikuwa shule nzuri ya mkono, lakini macho ya shule hiyo yalikuwa Los Angeles.

Turubai kubwa ilirudi kwa watu wa kawaida mikononi mwa Patrick Mukabi, ambaye wanawake wake wa sokoni, wanene, wenye leso, hujaza picha hadi ukingoni na mara nyingi humpa mtazamaji mgongo. Hawauzi tabasamu. Studio ya Brush Tu ya Buruburu, iliyoanzishwa na Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku, iliifuata njia hiyo kwa uhuru zaidi: miili inapindwa na kukatwa, na mwenye kutaka ufanani atavunjika moyo. Mwaka 2022 wasanii wa kundi la Wajukuu, kutoka mtaa wa Mukuru, walialikwa Kassel, Ujerumani, wakafunika mlango wa jumba la maonyesho kwa mabati.

Bati hilo hilo, lenye ng'ombe na kichwa cha kinyozi, sasa linang'olewa kupisha plastiki iliyochapishwa. Vibao vya zamani bado vipo kwenye vichochoro nyuma ya Barabara ya Jogoo, na wachoraji wengi walitia jina pembeni, wengine na namba ya simu. Kuvipiga picha na kuwapigia wenyewe hakuhitaji ruzuku kutoka Ulaya.