Faragha

Neno hili asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya utupu, nafasi iliyo wazi. Pwani tumelipa utu: wawili wakitaka kusema lao, wengine husogea kando, wakawapa faragha. Ndiyo maana silikubali likifasiriwa kuwa ni siri tu. Siri unaificha mwenyewe. Faragha hupewa na walio karibu nawe.

Lakini si wote husogea kando: tarehe 5 Juni 2019 polisi wa shirikisho wa Australia waliingia makao makuu ya shirika la utangazaji la ABC, Ultimo, Sydney, wakisaka nyaraka za habari kuhusu askari wa Australia nchini Afghanistan. Hati yao iliwaruhusu hata kufuta na kubadili mafaili! Hao angalau walionekana. Tangu 2015 kampuni za simu nchini humo hulazimika kutunza kwa miaka 2 kumbukumbu za nani kampigia nani, lini, akiwa wapi. Polisi huzipata bila hati ya upekuzi, isipokuwa wakitafuta chanzo cha mwandishi wa habari.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inaitaja faragha waziwazi. Ya Australia haina ibara kama hiyo, na inaniuma: kijana wetu akimpigia mama yake Tanga kutoka Sydney, alama ya simu ile hubaki ghalani.